Mashine Ilizima, Nikamnyooshea Mama Kidole

Nimekosa. Sitaki kuzunguka, maana nimezunguka vya kutosha peke yangu na sijapata mlango wa kutokea. Nilimkosea mama yangu mzazi, aliyenibeba mgongoni kwenye kambi ya reli, na nilimkosea kwa sababu ya kompyuta!

Naomba jina langu lisitajwe. Hapa Lubumbashi tunajuana, na huenda wengine wenu mmeshaniletea harusi zenu. Mkinitambua, nyamazeni tu. Aibu niliyo nayo inanitosha.

Kazi yangu ni video. Harusi, ubatizo, sherehe za wanafunzi wa Kasapa wanapomaliza chuo, matanga. Wengine wanakwenda kupiga picha, mimi nabaki nyumbani kuzikata na kuziunganisha. Kazi hiyo inataka mashine yenye nguvu, na mashine yenye nguvu ya dukani sikuiweza. Basi nikaijenga mwenyewe, kipande kwa kipande. Leo sanduku tupu, mwezi mwingine carte mère, ile kadi kubwa inayobeba vyote, mwezi mwingine feni. Vingine nilivipata madukani mjini, vingine kwa watu waliokuwa wanauza mashine zao zilizokufa. Siku ilipowaka mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio kuuliza ni nani amefariki!

Mama alikuwepo. Alikuwa anakaa nasi tangu baba alipotutoka. Akaitazama ile taa ya buluu inayowaka kwa mbele, akacheka, akasema, "Sasa hii kintu yote ulitengeneza weye? Asante Mungu. Baba yako angeona!"

Wiki hiyohiyo akaanza kuifumia nguo.

Hapo nieleze kidogo. Mama alijifunza kufuma krosheti akiwa msichana, kambini, masista walipokuwa wanawafundisha mabinti. Tangu hapo, katika nyumba anayokaa hakuna kitu kinachosimama bila nguo. Televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa, migongo ya viti ina vitambaa, hata redio ya marehemu baba ambayo haisemi tena ina chake. Najua mnacheka, lakini angalieni kwanza salon zenu za kupokelea wageni! Mashine ilifumiwa kitambaa cheupe chenye maua ya njano pembeni, kinachoshuka pande zote hadi nyuma. Na kwa sababu vumbi letu jekundu linapita kwenye matundu ya krosheti, alikishonea kitambaa kizito cha pamba kwa ndani. Kisha akakitia wanga, kikakaza.

"Mashine nayo iko mutoto ya nyumba," alisema. "Haiwezi kukala butupu mbele ya bageni."

Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Nilipiga picha nikawatumia marafiki. Baada ya hapo nikakizoea, na kitu ukikizoea hukioni tena.

Kiangazi kilipoanza, mashine ikaanza kuzima.

Haikutoa onyo. Haikuwa nzito, haikuandika kosa lolote kwenye skrini. Unakata harusi vizuri, umefika pale bwana harusi anapovishwa pete, mara pap! Giza. Kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Ukiiacha ipumzike inawaka tena, inafanya kazi kidogo, halafu pap!

Kwanza nilishuku umeme. Nani asingeshuku? Kwetu umeme unakuja unavyotaka, mara dhaifu mara mkali. Nikatafuta stabilizeta ya kuutuliza. Ikazima. Nikabadilisha alimentation, lile boksi linalopokea umeme ndani ya mashine. Ikazima. Nikachomoa vipande vya kumbukumbu kimoja kimoja, nikavisugua meno kwa raba ya shule kama tunavyofanya wote, nikavirudisha. Ikazima. Nikapaka upya ile dawa ya kijivu kati ya processeur, ubongo wa mashine, na feni yake. Nikabadilisha nyaya. Haki ya Mungu, nilibadilisha kila kitu isipokuwa akili yangu!

Na hili ndilo lililonimaliza: kila nilipoifungua nikaijaribu, ilifanya kazi. Naondoa kitambaa, nafungua ubavu wa sanduku, naipa kazi nzito mchana kutwa. Haizimi! Napima joto lake, joto ni zuri. Nafunga, nashukuru Mungu, nakwenda kula bukari, ugali wetu. Kesho yake, pap!

Basi ikatokea Mama akaenda matanga kule Likasi, akakaa wiki. Wiki ile mashine haikuzima hata mara moja. Nilifanya kazi nikapitiliza. Akarudi, akapumzika, siku ya pili yake pap!

Binti yangu Gracia, ambaye yuko shule ya msingi, ndiye aliyesema kwa mara ya kwanza, na alisema akicheza. "Papa, mashine inaogopa kambo!" Kambo ni bibi yake, mama yangu. Tukacheka wote mezani, hata Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilicheka, lakini neno lile lilibaki ndani yangu na likaanza kuota.

Nikaanza kuchunguza. Mama akienda misa, mashine inapona? Mama akiwa salon, inazima? Ukitafuta kitu kwa nguvu namna hiyo unakipata, hata kama hakipo. Mimi niliyesoma informatique, elimu ya kompyuta, niliyejua kila skrubu ya sanduku lile kwa sababu niliikaza mwenyewe, nilianza kumtazama mama yangu kwa pembe ya jicho.

Wakati huo nilikuwa na harusi moja iliyonikaa kooni. Baba wa bibi harusi alikuwa ameugua akafariki baada ya sherehe, na familia ilitaka video yenye baraka zake, alizotoa akiwa bado anasimama, waionyeshe siku ya kumaliza matanga. Walinipigia simu asubuhi, walinipigia jioni. Shangazi yao mmoja akaja nyumbani mwenyewe, akaketi, akaiona mashine ikizima mbele ya macho yake.

"Papa," akaniambia kwa sauti ya chini, "hii haina mambo ya courant, ya umeme. Mu nyumba yako kuko muntu anakukangia njia, anakufunga. Nitakuletea mutumishi ya Mungu, akuombee."

Mke wangu alisikia. Alipoondoka yule shangazi, mke wangu alinijia juu. "Weye ulisoma! Weye njo unajua mashine! Sasa batu ba maombi batakuya kuifungula na bisbis? Na ule ni mama yako, angalia sana!" Alisema bisbis akimaanisha bisibisi, na nilimsahihisha! Badala ya kumsikiliza nilimsahihisha neno. Mjinga mimi.

Mtumishi akaja Jumamosi mchana, na akina mama watatu wa kikundi chake cha sala. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na majirani nao wana macho. Wakaimba, wakasali, mtumishi akaizunguka mashine. Kisha akauliza nani anakaa humu salon kila siku. Mimi nikajibu! Hakuna aliyenilazimisha. Nikasema ni mama.

Mama akaitwa kutoka jikoni. Akaja na unga mikononi, akaufuta kwenye kitenge, akawasalimia wote kwa heshima.

"Mama, weka mukono apa juu," mtumishi akamwambia.

Akaweka mkono juu ya kile kitambaa alichokifuma mwenyewe. Alidhani wanaibariki mashine! Akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wa pili, akafumba macho. Mungu wangu, alifumba macho akaanza kuniombea!

"Sasa fungula," mtumishi akasema. "Kile ulikangaka, fungula. Sema mbele ya bantu."

Mama akafumbua macho. Hakumtazama mtumishi. Alinitazama mimi.

"Papa," akaniita, maana nina jina la baba yake na daima ananiita hivyo. "Huyu anasema nini? Nifungule nini? Miye sijue kintu ya mashine."

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Niliitazama bisibisi. Alingoja, wale akina mama wakangoja, majirani mlangoni wakangoja. Neno moja tu lingetosha. Ningesema, "Mama, toa mkono, hawa wanaondoka," na leo nisingekuwa ninaandika haya. Lakini nilisema nini? Nilisema, "Mama, mutumishi iko nauliza tu. Mujibu."

Mujibu! Nilimwambia mama yangu ajibu kama amemroga mwanawe.

Akatoa mkono polepole. Hakulia. Alirudi jikoni akamaliza kupika, akawapakulia wageni, hata mtumishi. Kesho yake alitoka misa akaniambia anataka kwenda Kasomeno, kwa mdogo wake anayeuza samaki wakavu huko. "Nitapumuzika kidogo," alisema. Mke wangu alimshika mkono akimsihi abaki. Mimi nilimtafutia gari. Nilimbebea na mfuko hadi kwenye kiti chake, mwana mwema kabisa!

Na mashine? Ikanyooka! Haikuzima tena. Nikamaliza video ya marehemu, familia ikafurahi, shangazi akanishika mikono yote miwili. Mtumishi akaanza kuisimulia kama ushuhuda: mzee fulani, mashine fulani, siku alipoondoka. Hakutaja jina, lakini barabara ya Kasenga, ile inayopita Kasomeno, ina wafanyabiashara wengi na ulimi hauna mfupa. Mimi nilijiambia, basi ilikuwa kweli. Inauma, lakini ilikuwa kweli. Nililala usingizi mzuri, na hilo nalo naliungama.

Ikaja komunyo ya kwanza ya Gracia. Mke wangu akaanza kupamba salon kwa ajili ya wageni. Mimi nilikuwa nimeketi mbele ya mashine, namalizia ubatizo wa watu. Akafungua kabati, akatoa vitambaa vya Mama, vyote vimefuliwa, vimetiwa wanga, vimekunjwa. Ndivyo Mama anavyofanya kila akisafiri, maana hamwamini mtu mwingine na vumbi. Akaivisha televisheni, akaivisha friji, akavisha viti. Akafika kwangu, akanipitia begani, akaivisha mashine. Nikaendelea na kazi.

Pap!

Nikabaki mikono hewani. Mama yuko Kasomeno. Mama yuko Kasomeno!

Nikaweka kiganja juu ya kitambaa. Moto! Nikaingiza mkono chini yake, nikautoa haraka. Juu ya sanduku lile kuna matundu, na ndipo feni inapotolea hewa ya moto. Nyuma nako kuna matundu. Kote kumefunikwa na pamba na krosheti na wanga! Mashine ilikuwa inakosa pumzi na kujizima yenyewe isiungue, kama ilivyotengenezwa kufanya. Nilikivua, ikapoa, ikawaka, ikafanya kazi. Nikakirudisha, nikaipa kazi nzito. Pap! Nikakivua. Nikakirudisha. Nilirudia mpaka mke wangu akanishika mkono.

"Imezima tena?" akauliza.

"Ni kitambaa," nikasema. "Ilikuwa kitambaa tu."

Akaketi chini sakafuni na nguo zake nzuri. Hakunitukana. Alisema tu, "Na ulikuwa unatoshaka hii kitambaa kila siku ukitaka kuifungula." Ndiyo. Kila mara nilikitoa kwa mikono yangu, nikakiweka kwenye kiti, nikatafuta ugonjwa mahali pengine. Nikimaliza, Mama anapita na kuirudishia nguo yake, maana mtoto wa nyumba hakai uchi. Na akisafiri anakikunja kabatini; ndiyo maana wiki ya Likasi haikuzima.

Komunyo ilipoisha nilipanda gari la Kasomeno, kitambaa kikiwa ndani ya mfuko. Njia nzima nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilijiambia, nina ushahidi! Nitamwonyesha, nitapiga magoti, nitamsafisha mbele ya watu, tutarudi wote.

Mama mdogo alinipokea mlangoni bila kunikaribisha. "Habari ilimufuata mama yako mupaka apa," alisema. "Batoto ba majirani banakatazwa kupokea hata ndizi mu mukono yake. Ku kanisa anakalaka ku banc peke yake. Ile sindano yake ya kufuma, alitupa mu choo."

Mama alikuwa uani, ameketi, mikono imelala mapajani bila kazi. Sijawahi kuiona mikono ile bila kazi. Nikapiga magoti kwenye udongo. Nikamwambia yote: hewa, matundu, moto, pamba. Nikamtolea kitambaa nikamwonyesha upande wa ndani, mahali kilipoanza kuwa na rangi ya kahawia kwa joto. Alisikiliza vizuri sana, kama mtu anayesomewa barua.

"Tangu nilitoka kule," akauliza, "mashine ilikuwa inazimaka?"

"Hapana, Mama. Ni siku ile tu tuliifunika."

"Kitambaa njo ilikuwa inaizimisha."

"Ndiyo, Mama! Kitambaa tu! Haina weye, si weye!"

"Na kitambaa alifuma nani?"

Nikayatazama yale maua ya njano.

"Na juu ya mashine alikuwa anakiweka nani?"

"Mama, haina vile..."

"Basi mutumishi alisema kweli, Papa. Alisema ni mukono yangu. Nilikuwa naomba Mungu kila siku anionyeshe kile nilifanya, juu miye sikukijua. Sasa ameshanionyesha." Akakikunja kitambaa, pembe kwa pembe, akanirudishia. "Niko nakushukuru ulikuya kuniambia."

Jirani mmoja alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Nilimwona akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama mtu aliyesikia kesi ikikatwa. Nilikwenda kumtetea mama yangu, nikampelekea ushahidi wa kumfunga!

Nikamsihi arudi. Nilimsihi mpaka sauti ikanikauka. Alisema, "Nikirudia nitagusa kintu ingine bila kujua. Nitagusa batoto." Hakusema kwa hasira. Kama angekuwa na hasira ningepata pa kushika.

Ninampigia simu kila Jumapili. Anauliza watoto, anauliza mke wangu, na mwisho anauliza, "Na mashine, haizimake?" Kila Jumapili! Mimi namjibu haizimi, na kwake jibu hilo ni hukumu upya.

Basi nikaamua kudanganya. Jumapili moja nilimwambia, "Mama, mashine imezima tena! Bila kitambaa! Weye uko kule na imezima!"

Akasema, "Kweli?" Sauti yake ilipanda. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya siku mashine ilipowaka. "Kweli, Papa? Asante Mungu! Asante Bikira Maria!" Nilimsikia akimwita mdogo wake aje asikie. Akaanza kuuliza magari yanatoka siku gani. Kisha akasema, "Nipe Gracia nimusalimie."

Sikumfundisha mtoto. Nilimfikiria mama, nikamsahau mtoto! Akachukua simu, na nilisikia kambo akimuuliza, na nikasikia jibu. "Hapana, kambo, haizimake! Iko natembea muzuri, Papa anatumika nayo kila siku!"

Simu iliporudi kwangu, Mama alisema tu, "Mutoto hasemake uongo." Akanitakia Jumapili njema.

Wewe unayenisoma, kama unatengeneza mashine, ijaribu kama inavyokaa nyumbani, na nguo zake na vumbi lake, siyo vile unavyoipenda ikae. Na kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye watu wameanza kumnyooshea kidole, fungua mdomo siku hiyohiyo, mbele ya watu walewale. Usiseme utarekebisha baadaye ukishapata ukweli. Mimi ukweli niliupata! Niliupeleka hadi Kasomeno ndani ya mfuko, na haukumsaidia mama yangu kitu.

Nikiivisha kitambaa inazima, na kitambaa ni chake. Nikiivua inafanya kazi, na yeye hayupo. Nimebaki kumwomba Mungu kitu ambacho hakuna fundi anayekiomba: mashine yangu ife. Iungue yenyewe, kwa kosa lake yenyewe, nimpigie Mama simu na Gracia akiwa amesimama hapa anaona.

Iko hapa mezani, taa ya buluu inawaka. Nimeipa kazi nzito kuliko zote nilizonazo. Tangu asubuhi haijazima hata mara moja.